Asidi ya Steariki Katika Sabuni ya Nyumbani: Ihesabiwe Pamoja na Mafuta

"Mwanangu, sabuni yako inanukia vizuri na wala haiwashi, lakini haimalizi wiki bafuni kwangu." Maneno hayo niliambiwa na mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Tanga, ambaye amekuwa mteja wangu tangu nilipoanza kutengeneza sabuni jikoni mwangu. Aliyasema kwa upole, akalipia vipande vingine viwili, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekishika kipande kimojawapo, nikakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikaacha alama. Sabuni hiyo ilikuwa imekaa rafuni wiki tano.

Sababu haikuwa siri. Karibu nusu ya mafuta niliyokuwa nikitumia ilikuwa alizeti, kwa kuwa alizeti ya Singida na Dodoma hupatikana kwa urahisi na bei yake hunifaa. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti ya kawaida ni asidi ya linoleiki, na asidi hiyo ikigeuzwa sabuni hutoa kitu laini, chenye kuvuta maji, kinachoyeyuka haraka. Ukiongeza unyevunyevu wa pwani yetu, pamoja na tabia ya kuiacha sabuni ndani ya kisahani chenye maji, huwezi kumlaumu mteja. Nilihitaji sabuni ngumu zaidi, na hapo ndipo nilipoanza safari yangu na asidi ya steariki. Safari hiyo ilinigharimu mapishi mawili yaliyoharibika kabla sijaielewa vizuri, na naandika leo ili mwenzangu mwingine anayepika sabuni nyumbani asipitie huko huko.

Nianze na kitu chenyewe. Asidi ya steariki huuzwa ikiwa vipande vyeupe vyembamba au chembe ndogo za mviringo, inateleza kidogo ukiisugua kati ya vidole, na haina harufu ya kusumbua. Hapa kwetu huipata katika maduka ya kemikali yanayowauzia watengenezaji wa mishumaa na losheni. Kwa sura yake mtu hudhani ni nta, na kosa la wengi huanzia hapo. Si nta. Ni mojawapo ya zile asidi ambazo mafuta yote ya kula na ya kupaka yamejengwa kwazo, yenye atomu 18 za kaboni zilizojipanga katika mnyororo ulionyooka usio na kona. Unyofu huo ndio siri ya ugumu wake, maana minyororo iliyonyooka hulaliana vizuri kama kuni zilizopangwa, na ndiyo sababu ikiwa safi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Linoleiki nayo ina atomu 18 vilevile, lakini mnyororo wake umepinda mahali pawili, haupangiki, na kwa hiyo hubaki kimiminika hata kwenye baridi.

Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shahamu. Lilitokana na kazi ya mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1811 alianza kuchunguza sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakipika sabuni bila kujua kwa hakika ni nini kinachotokea ndani ya sufuria. Chevreul, ambaye matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1823, alionyesha kwamba mafuta ni muungano wa asidi na gliserini, na kwamba magadi makali huuvunja muungano huo, yakachukua asidi na kuiacha gliserini. Mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo ngumu badala ya shahamu yenye moshi na harufu. Nimeitaja habari hii kwa sababu ugunduzi wa Chevreul ndio hasa unaoeleza kwa nini mapishi yangu ya kwanza yaliharibika.

Katika mafuta ya nazi, mawese au alizeti, asidi zote zimefungwa. Kila asidi tatu zimeshikwa na gliserini moja, na kostiki soda, yale magadi makali ya kupikia sabuni, inahitaji muda kuzifungua. Ndiyo maana ukichanganya mafuta na maji ya kostiki kwa njia ya baridi, yaani bila kuupika mchanganyiko motoni, unapata nafasi ya kukoroga, kutia manukato, kupanga rangi na kumimina kwenye kalibu bila papara. Asidi ya steariki ya dukani haijafungwa na chochote. Iko huru. Inapokutana na kostiki hakuna cha kusubiri, kwa kuwa asidi na alkali hukamatana papo hapo, zikatoa sabuni na maji kidogo. Hakuna gliserini inayozaliwa, wala hakuna muda wa kukoroga.

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimeyayeyusha mafuta yangu hadi nyuzi 45, nikaiyeyusha asidi ya steariki kando kwenye kisufuria mpaka ikawa maji maangavu, nikatia kostiki kwenye mafuta, nikakoroga, kisha nikaimimina ile asidi. Kabla sijahesabu hadi kumi, mwiko ulikuwa umesimama wenyewe. Sehemu ya asidi iligeuka sabuni mara moja na kuwa bonge, na sehemu nyingine, kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa na joto la chini kuliko kiwango chake cha kuyeyuka, iliganda na kuwa punje nyeupe ngumu zilizotapakaa kila mahali. Nililisukuma lile bonge kwenye kalibu kwa ngumi iliyovaa glavu. Lilipokauka na kukatwa, ndani yake kulikuwa na mashimo yenye majimaji ya kostiki ambayo hayakuwahi kukutana na mafuta. Sabuni ya namna hiyo huunguza ngozi. Sikuiuza wala sikuigawa.

Kosa la pili lilikuwa la kimya, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, kwa sababu sabuni ilitoka nzuri kwa macho. Muuzaji mmoja wa kemikali aliniambia kwamba steariki ni "dawa ya kugandisha", kwamba niongeze tu kiasi juu ya mapishi yangu ya kawaida, nami nikamwamini. Nilichukua mapishi ya gramu 1,000 za mafuta, yaani nazi 250, mawese 450 na alizeti 300, ambayo yote kwa pamoja huhitaji gramu 150 hivi za kostiki. Kwa desturi mimi hupunguza sehemu 5 katika kila 100 ya kostiki hiyo, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuzwa na ngozi isikauke, kwa hiyo nilipima gramu 142.6. Kisha nikaongeza gramu 50 za asidi ya steariki bila kugusa hesabu ya kostiki.

Tazama kilichotokea. Gramu 50 za asidi hiyo huhitaji gramu 7 za kostiki zake zenyewe. Kwa kuwa iko huru na ina haraka, ilizichukua gramu hizo 7 kwanza, kabla mafuta mengine hayajaamka. Mafuta yaliyobaki bila kugeuzwa yakapanda kutoka sehemu 5 hadi zaidi ya sehemu 9 katika kila 100, na mengi kati ya hayo hayakuwa steariki ngumu niliyoitarajia, bali alizeti na wenzake waliochelewa. Sabuni ilikuwa ngumu kidogo kuliko ya kawaida, nikafurahi. Baada ya miezi miwili vipande vikaanza kutoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, maana alizeti isiyogeuzwa huharibika upesi katika joto la pwani. Vipande ishirini na viwili nilivirudisha nyumbani kutoka kwa wateja, na kila mmoja nilimrudishia fedha yake.

Kwa hiyo jambo ninalotaka lieleweke ni hili moja: asidi ya steariki si kiungo cha kuongezea juu ya mapishi. Ni sehemu ya mafuta. Ihesabiwe ndani ya jumla ya mafuta, na ipewe kostiki yake. Ukitaka kutumia gramu 50, punguza gramu 50 za mafuta mengine, hasa yale laini yanayoleta tatizo unalotaka kuliondoa.

Mapishi ninayoyatumia sasa kwa sabuni ya kuogea ni gramu 250 za mafuta ya nazi, gramu 450 za mawese yaliyosafishwa, gramu 250 za alizeti na gramu 50 za asidi ya steariki. Kwa kila gramu moja, nazi huhitaji gramu 0.183 za kostiki soda, mawese 0.142, alizeti 0.135 na steariki 0.141. Ukizidisha na kujumlisha utapata gramu 150.45, na ukipunguza ile sehemu 5 katika 100 utabaki na gramu 142.9. Nawasihi wasomaji wangu wasiyachukue mapishi haya na kuyapima kwa vikombe. Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja ni chombo cha lazima katika kazi hii, tena chema zaidi ni kile kinachosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Msomaji makini atauliza: je, unachonunua dukani ni steariki tupu? Mara nyingi sivyo. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko wa asidi ya steariki na asidi ya palmitiki, na palmitiki huweza kuwa nusu au hata zaidi. Hili si udanganyifu. Ni urithi wa namna ilivyokuwa ikitengenezwa zamani: asidi za mafuta zilipoozwa, kisha zikakamuliwa kwa shinikizo ili asidi ya oleiki iliyo kimiminika itoke, na kadiri zilivyokamuliwa mara nyingi, moja, mbili au tatu, ndivyo daraja lake lilivyopanda. Palmitiki ni ngumu vilevile na haikutoka kwenye shinikizo. Mchanganyiko huo huyeyuka mapema kuliko steariki safi, kwenye nyuzi 55 hivi, na huhitaji kostiki zaidi kidogo, karibu gramu 0.149 kwa kila gramu. Katika gramu 50 tofauti hiyo haifiki hata nusu gramu ya kostiki, tena kosa liko upande wa usalama, kwa hiyo mimi huhesabu kwa 0.141 nikalala usingizi. Anayepika kwa wingi, au anayetumia steariki nyingi kama nitakavyoeleza mbele, amwombe muuzaji karatasi ya vipimo.

Kinachonikera ni steariki iliyochanganywa na parafini ya mishumaa. Niliwahi kuuziwa, na kwa macho sikuweza kutofautisha. Siku hizi hujaribu kabla ya kununua mfuko mzima: nachukua kijiko kimoja cha chai cha zile chembe, naziweka kwenye kikombe cha maji ya moto sana niliyoyeyushia magadi soda ya kutosha, nakoroga. Steariki ya kweli hububujisha hewa, ikageuka polepole kuwa rojo la sabuni lenye kuteleza. Parafini haina la kufanya na magadi. Huelea juu kama mafuta, na kikombe kikipoa huganda ikawa ngozi nyeupe unayoweza kuiinua kwa kidole. Jaribio hilo halichukui hata robo saa.

Lipo pia swali ambalo hapa pwani haliwezi kuachwa, nalo ni la asili. Asidi ya steariki hutengenezwa kwa shahamu za wanyama au kwa mafuta ya mimea, hasa mawese, na ukiitazama chembe huwezi kujua ilikotoka. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na wana haki ya kujua kama kilichomo ndani ya sabuni wanayoogea kimetoka kwa mnyama gani. Kwa hiyo nanunua ile iliyoandikwa waziwazi kwamba inatokana na mimea, na nahifadhi karatasi yake. Muuzaji akishindwa kunijibu, naondoka.

Sasa nije kwenye upishi. Kwa steariki ya kiasi hiki siipendekezi njia ya baridi hata kidogo. Najua wapo wanaoweza kuitumia kwa kiwango cha chembe tupu, sehemu moja katika mia, wakifanya kazi kwa joto la juu na kwa haraka, lakini kwa mtu anayejifunza hatari ni kubwa kuliko faida. Njia ya kupika ndiyo inayofaa. Mimi huyeyusha mawese, nazi, alizeti na steariki vyote pamoja ndani ya sufuria ya chuma cha pua iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji yanayochemka, mpaka mafuta yafike nyuzi 75 na pasionekane hata punje moja. Nasisitiza chuma cha pua kwa sababu sufuria zetu nyingi za jikoni ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu kwa nguvu, ikatoa hewa ya hidrojeni inayoshika moto. Kostiki huyeyushwa kwa kuimimina yenyewe ndani ya maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki, mahali penye hewa, ukiwa na glavu na miwani ya kinga. Kwa gramu 142.9 za kostiki mimi hutumia gramu 340 za maji, kiasi kikubwa kuliko ambacho ningetumia kwa njia ya baridi, kwa kuwa maji mengine hupotea kwa mvuke na kwa kuwa sabuni yenye steariki huwa nzito.

Ukishamimina kostiki kidogo kidogo ndani ya mafuta, usishtuke mchanganyiko ukikaza ghafla. Ni steariki inajichukulia haki yake. Ungekuwa kwenye njia ya baridi ungekuwa umeshaharibikiwa, lakini hapa moto bado upo, na mchanganyiko hulegea tena kadiri unavyoendelea kukoroga kwa mwiko. Blenda ya mkono iache katika hatua hii, maana hushikwa na kuungua mota. Sufuria isijae kupita nusu, kwa sababu sabuni inayopikwa hupanda kama maziwa. Baada ya kama saa moja, nyeupe ya mwanzo huondoka, rojo huwa na mng'ao kama ugali wa muhogo, na tone lililopoa likilowekwa na kuguswa kwa karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali, huonyesha kati ya 9 na 10. Hapo nazima moto, natia manukato, nabonyeza sabuni kwenye kalibu ya ubao iliyotandikwa karatasi, nikiigonga mezani ili hewa itoke.

Ikatwe mapema. Sabuni ya kawaida naweza kuiacha siku mbili, lakini yenye steariki nikiiacha kupita saa ishirini na nne hupasuka kingo wakati kisu kinapopita. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba umevuka kipimo. Nilipojaribu sehemu 10 katika 100, vipande vilitoka vigumu kama chaki, povu likapungua, na sabuni ilikwaruza ngozi badala ya kuteleza. Sehemu 5 ndiyo iliyonipa ninachokitaka, na yule mama wa mtaani, nilipompelekea kipande bila malipo, alirudi baada ya karibu wiki mbili kusema bado kipo.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu povu, maana wanaouza steariki hawalisemi. Sabuni ya steariki haiyeyuki kwa urahisi katika maji baridi, na ugumu tunaoupenda ndio huo huo unaozuia povu kubwa. Inachotoa ni povu dogo dogo, zito kama krimu, lisilokufa haraka. Mapovu makubwa ya haraka hutoka kwa asidi ya lauriki ya mafuta ya nazi, au ya mise kwa wenzetu wa Kigoma wanaokamua kokwa za michikichi. Ndiyo maana katika mapishi yangu nazi haishuki chini ya robo. Tena Tanga tuna jambo letu: mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yenye mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi ni magumu, yamejaa kalsiamu. Kalsiamu hukamatana na steariki na kuwa utando mweupe usioyeyuka, unaoshika kwenye beseni na kwenye nguo. Kadiri sabuni yako ilivyo na steariki nyingi, ndivyo utando unavyoongezeka. Sabuni ya nazi hustahimili maji ya namna hiyo vizuri zaidi, na hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Anayeuza sabuni kwa watu wa visima asikimbilie ugumu akasahau povu.

Baada ya kuyajua yote haya nilijiuliza kama kweli nahitaji ile ya dukani. Shahamu ya ng'ombe ina steariki karibu sehemu 20 katika 100, na palmitiki zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo sababu sabuni za mche za shahamu zilisifika kwa kudumu. Siagi ya kakao ina zaidi ya sehemu 30, na siagi ya shea kiasi kikubwa pia, ingawa ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Lakini kilichonigusa moyo ni mti uliopo hapa hapa kwetu. Katika misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, huota mti ambao Wasambaa huuita msambu, na wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii. Ni mti wa milima ya Tanzania, matunda yake ni makubwa, na wanakijiji huokota yaliyoanguka, hutoa mbegu na kuzikausha. Mafuta ya mbegu hizo ni karibu yote asidi mbili tu, steariki na oleiki, na steariki peke yake hufika nusu hivi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaidhinisha mafuta hayo kutumika katika siagi za kupaka mkate, ambamo hufaa kwa kuwa huganda yenyewe bila kugandishwa kwa kemikali kiwandani.

Nilipata kilo mbili kwa mtu wa huko. Nilipozitia sehemu 15 katika 100 ya mafuta yangu, nilikuwa nimeingiza steariki ya sehemu 7 hivi, zaidi ya ile ya dukani, na bado nilifanya kazi kwa njia ya baridi, nikakoroga kwa raha na kumimina bila mbio. Steariki ni ile ile. Tofauti ni kwamba hapa imefungwa kwenye gliserini na inangoja kufunguliwa, na gliserini hiyo hubaki ndani ya sabuni ikiilainisha ngozi. Kipande kilichotoka ni cheupe, kigumu, laini mkononi. Kama mafuta ya msambu yangepatikana sokoni kama yanavyopatikana mawese, nisingenunua tena mfuko wa steariki kwa sabuni ya kuogea. Bahati mbaya hayapatikani kwa uhakika, na msitu wenyewe hauna budi kutunzwa, kwa hiyo nayatumia kwa sabuni chache za zawadi.

Ipo kazi moja tu ambayo steariki ya dukani haina mbadala, nayo ni sabuni ya kunyolea. Kinyozi mmoja aliniuliza, "Dada, huwezi kunitengenezea ile ya kukoroga kwa brashi?" Hapo kila kilichokuwa kasoro kinageuka kuwa sifa. Kinyozi hataki mapovu makubwa yanayopasuka, anataka krimu nzito inayokaa usoni bila kukauka mpaka wembe umalize. Sabuni za namna hiyo hubeba steariki karibu nusu ya mafuta yote, nusu nyingine ikiwa nazi, na hupikwa kwa alkali mbili. Sehemu kubwa ni potasi kali, kwa kuwa sabuni ya potasi ni laini na huyeyuka upesi, na sehemu ndogo ni kostiki soda ili ishike umbo. Gliserini huongezwa, maana steariki huru haizalishi yake. Kwa kiwango hiki simimini steariki mwanzoni. Naipika nazi kwanza pamoja na alkali yote mpaka ishike vizuri, ndipo naitia steariki iliyoyeyushwa na bado ina moto, kidogo kidogo, nikikoroga kwa mikono miwili. Anayejaribu akumbuke kwamba potasi ya dukani kwa kawaida ina usafi wa sehemu 90 hivi katika 100, na asipoirekebisha hesabu yake kwa ajili hiyo atabaki na sabuni yenye grisi.

Kundi la kwanza la kinyozi lilikuwa gumu mno, brashi ilizunguka juu yake bila kuchukua kitu. Nimeongeza potasi kutoka nusu hadi sehemu 60 katika 100 ya alkali, na maji kidogo. Makopo sita yako juu ya kabati sasa hivi, vifuniko wazi, na Jumamosi nitampelekea mawili ayajaribu kwa mteja wake wa kwanza wa asubuhi.